Uzi: Gunia la Kibuye nalo liandikwe kwenye daftari la mazoezi

KochaWaZiwani

Wadau, habari za leo. Uzi huu ni wa wanyanyuaji uzani wanaoshindana au wanaojiandaa kushindana, hasa sisi wa Kisumu, Kakamega na Nakuru. Wanaobeba vyuma kwa ajili ya afya karibuni pia, ila nitakayoyasema yanamlenga mtu mwenye tarehe ya mashindano mbele yake. Siku hiyo atapanda jukwaani mara tatu kwa snachi, yaani kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, na mara tatu kwa klini na jeki, ambapo chuma hupumzika kwanza mabegani. Kila mara ana dakika moja tu, au mbili akijifuata mwenyewe.

Nasema wazi mapema: vijana wengi wa huku wana nguvu za kutosha na wanajituma. Kinachowaangusha ni uchovu ambao hakuna aliyeuhesabu. Programu nyingi tunazopakua mtandaoni ziliandikiwa mtu anayefanya mazoezi, anakula, analala mchana, kisha anarudi mazoezini. Kijana wa hapa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anashusha lori la mahindi soko la Kibuye hapa Kisumu, gunia moja kilo 90, halafu jioni anaingia jimu kupiga skwoti, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani. Mgongo uliobeba gunia ndio uleule unaobeba chuma. Ukimwandikia asilimia 85 ya uwezo wake seti tano bila kumuuliza asubuhi alikuwa wapi, hiyo programu si yake.

Mwaka 1975 mtafiti Eric Banister na wenzake walieleza jambo hili kwa namna ambayo hadi leo inanisaidia. Kila zoezi linauachia mwili vitu viwili kwa mpigo: nguvu na uchovu. Nguvu hujengeka polepole na huondoka polepole. Uchovu huja haraka na huondoka haraka. Kinachoonekana jukwaani ni nguvu ukitoa uchovu. Ndiyo maana mtu anaweza kukwama wiki tatu kwenye kilo zilezile, akaenda nyumbani mazishini siku nne bila kugusa chuma, akarudi na kuvunja rekodi yake. Wenzake wanasema amepata baraka za wazee. Nguvu alikuwa nayo tangu mwanzo, uchovu ndio ulioifunika.

Sasa tunaupimaje bila vifaa vya maabara? Daftari la shule na kalamu vinatosha. Carl Foster, mtafiti wa Marekani, alitupa njia rahisi: nusu saa baada ya mazoezi muulize mwanamichezo, "Kazi ya leo kwa jumla ilikuwa ngumu kiasi gani?" Ajibu kwa namba, 0 ikiwa ni kupumzika na 10 ikiwa ni mwisho wa uwezo wake. Zidisha namba hiyo kwa dakika alizofanya. Dakika 90 kwa ugumu wa 6 ni 540. Umemaliza.

Nyongeza yangu mimi ni hii: kibarua nacho kinapata namba. Kushusha lori saa mbili kwa ugumu wa 7 ni 840. Tuchukue kijana anayefanya mazoezi Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, kila siku 540, na malori yake yanaingia Jumatano na Jumamosi, kabla ya soko kubwa la Jumapili. Kocha anayeandika ya jimu pekee anaona 2,160 na kusema wiki ilikuwa nyepesi. Mwili umebeba 3,840. Tena siku mbili za wiki hiyo zimefika 1,380 kila moja, na kwa bahati mbaya ndizo siku kocha alizopanga skwoti nzito.

Mtu kama huyo simwambii aache kazi, kwa sababu kazi ndiyo inayonunua unga. Nampangia upya. Jumanne mazoezi mazito, dakika 90 kwa ugumu wa 7, hiyo ni 630. Alhamisi saa moja ya ufundi tu, chuma kikiwa chepesi, ugumu wa 5, hiyo ni 300. Ijumaa nzito tena, 630. Jumatano na Jumamosi tunaziacha kwa lori. Jumla inashuka hadi 3,240, na siku nzito kuliko zote imetoka 1,380 hadi 840. Kapoteza siku moja ya jimu, lakini siku mbili zilizobaki nzito anazifanya akiwa na miguu yake mwenyewe. Jumatatu nimeiacha wazi makusudi, maana lori la Jumamosi hukaa kiunoni siku mbili.

Namba hizi msizilinganishe kati ya mtu na mtu. Mmoja 5 yake ni 8 ya mwenzake. Zinamlinganisha mtu na nafsi yake, wiki hii na wiki zilizopita. Foster alionyesha jambo lingine pia: wiki ambayo kila siku ni ya wastani uleule inachosha kuliko wiki yenye jumla hiyohiyo lakini siku ngumu na rahisi zinapishana. Kwa hiyo siku rahisi iwe rahisi kweli.

Kabla sijasahau: pimeni sahani zenu. Jimu nyingi za mitaani zina sahani zilizochomelewa jua kali, imeandikwa 20 kwa rangi nyeupe, na ukiipeleka kwenye mizani ya posho mill inasoma 18 na nusu, nyingine 21. Asilimia zote za programu zinakuwa hewa, na upande mmoja wa mgongo unalipa. Chuma cha mashindano cha wanaume ni kilo 20, cha wanawake ni 15. Pimeni na hicho.

Alama za uchovu ninazoziamini nitaziweka kwenye majibu huko chini. Karibuni tuchangie.

Mtoto wa Kaptembwo

Kocha, salamu kutoka Nakuru. Uzi mzuri, lakini nina swali. Wabulgaria walikuwa wanapanda hadi uzani wa juu kabisa kila siku, mara kadhaa kwa siku, na walitawala dunia. Mimi nimejaribu mfumo huo, wiki mbili za kwanza nilipanda vizuri, sasa magoti yanauma na snachi imerudi nyuma. Nizidi kukaza mpaka mwili uzoee?

KochaWaZiwani

Mdogo wangu, asante kwa kueleza ulivyo. Usikaze.

Ivan Abadjiev aliijenga timu ile ndani ya kambi. Chakula, daktari, malazi na mshahara vilitoka serikalini. Kijana alichaguliwa kati ya wengi, na aliyevunjika nafasi yake ilichukuliwa na mwingine, kwa hiyo tunaowaona kwenye video ni wale waliobaki. Tena usisahau Olimpiki ya Seoul mwaka 1988: wanyanyuaji wao wawili waliokuwa wametwaa dhahabu walipatikana na furosemide, dawa ya kukojosha, na timu nzima ikarudishwa nyumbani. Simkatai Abadjiev kama kocha, alijua mengi. Ila huwezi kuchukua nusu ya mfumo wake, ile nusu ya mateso, ukaacha nusu ya kupumzika.

Kwa mtu wa mazingira yetu naelekea zaidi kwa Wasovieti. Prilepin, kocha wao, alichambua madaftari ya wanyanyuaji wao akatoa jedwali ambalo makocha bado wanalitumia. Kati ya asilimia 70 na 80 ya uwezo wako, jumla ya marudio kwa zoezi moja iwe 12 hadi 24. Kati ya 80 na 90, iwe 10 hadi 20, ukinyanyua mara mbili hadi nne kwa seti. Ukivuka 90, iwe 4 hadi 10, moja moja au mbili mbili. Tuseme snachi yako ya juu ni kilo 80. Kilo 68 ni asilimia 85. Seti tano za mara tatu zinakupa 15, katikati kabisa ya jedwali. Ukiwa umeshusha viazi mchana, chukua 10 uende nyumbani. Ukiwa umelala vizuri, nenda 18. Hapo ndipo jedwali linapokutana na daftari lako.

Skwoti zinavumilia zaidi kidogo kuliko hapo, maana jedwali lilihusu hasa minyanyuo ya mashindano. Na magoti yakiuma siku zote, hata ukipanda ngazi, mwone mtaalamu wa viungo, usimalizie kwa dawa ya kupaka.

Mzee wa Mamboleo

Vijana wa siku hizi mnaandika sana. Sisi tulibeba tu, hakuna daftari, hakuna wiki ya kupumzika, na tulikuwa na nguvu. Uchovu mwingine ni uvivu.

KochaWaZiwani

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana na wewe kwamba kuna mtu anayejificha nyuma ya neno uchovu, na kocha anayekubali kila kisingizio hajengi bingwa. Lakini kuna njia ya kuwatofautisha, na haihitaji kumwuliza mtu anajisikiaje.

Ya kwanza ni ukuta. Mwanamichezo akishapasha mwili moto, anapaka chaki vidoleni, anasimama kando ya ukuta na kugusa juu kadiri anavyofika. Kisha anaruka mara tatu na kugusa tena. Tunapima nafasi kati ya alama ya chini na ya juu zaidi. Mtu mvivu akiambiwa wenzake wanatazama, anaruka ileile ya kila siku. Aliyechoka kweli anajaribu kwa moyo wote na alama inabaki chini ya kawaida yake kwa sentimita tatu nne. Ikitokea siku mbili za mazoezi mfululizo, napunguza seti bila mjadala.

Ya pili ni chuma chenyewe, kwa uzani wa asilimia 75 hivi, ule ambao mtu anautawala akiwa mzima. Mtazame kwa ubavuni. Mtu ambaye hajachoka akidaka snachi miguu inatua pamoja, unasikia kishindo kimoja, kisigino kikiwa chini. Mtu aliyechoka chuma kinamwacha kwa mbele kidogo kikipita magotini, anadaka akiwa kwenye vidole, kisha anapiga hatua moja mbele kukifuata. Kwenye klini viwiko vinachelewa kuzunguka na chuma kinatua kwenye viganja badala ya mabegani. Kilo hazijabadilika, ni mfumo wa fahamu umechoka. Nikiona hivyo mara tatu, mazoezi ya ufundi yameisha kwa siku hiyo, maana anayoendelea kujifunza hapo ni makosa.

Uvivu hauwezi kuiga hatua ile ya mbele kila mara kwa namna ileile, mzee.

Dada wa Bukhungu

Kocha, mimi nashindana na nina maswali mawili. Moja, nimeambiwa nishuke kategoria, niko kilo tatu juu. Mbili, tangu nianze kubana chakula sijaona siku zangu mwezi wa tatu sasa, na usingizi umepotea. Wenzangu wananiambia ni kawaida kwa wanamichezo.

KochaWaZiwani

Dada yangu, si kawaida, na nashukuru umeuliza mbele za watu kwa sababu wako wengine wanaosoma kimya.

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii: mwanamichezo anakula chakula kisichofikia kazi anayofanya, na mwili unaanza kuzima baadhi ya shughuli ili kuokoa nguvu. Hedhi hupotea, mifupa hudhoofika, usingizi huharibika, maradhi madogo madogo hayaishi. Wanaume nao huwapata, ila wao hawana alama iliyo wazi kama hiyo. Miezi mitatu bila hedhi unamwona daktari, kwanza kuondoa ujauzito kama sababu, kisha kuangalia mengine. Wiki hii, si baada ya mashindano. Na mpaka hapo, rudisha chakula. Hakuna programu duniani inayoweza kumwondolea uchovu mtu asiyekula vya kutosha.

Kuhusu kategoria, mashindano yako yakiwa karibu, shindana kwa uzani ulionao. Mizani yetu hufunguliwa saa mbili kabla ya kuanza na hudumu saa moja. Yule bondia anayejinyima maji akapimwa jana yake ana usiku mzima wa kujirudisha, wewe huna. Utapanda jukwaani ukiwa umekauka, mikono ikitetemeka.

Pia omba upimwe damu. Wasichana wengi wanaolalamika miguu mizito wamepungukiwa madini ya chuma. Omena, nyama, mboga za kienyeji kama osuga na kunde zinasaidia, mboga uzikamulie limau. Chai isinywewe pamoja na mlo, inazuia madini hayo yasiingie mwilini. Kunywa kati ya milo.

Kama kuna kocha anayekulazimisha kushuka huku akijua hali yako, mwonyeshe jibu hili.

Nyalenda Mazito

Omera, mimi naona nimechoka tu. Wiki nzima viungo vinauma, jioni nasikia baridi, chuma cha kilo 60 kinanilemea. Nipumzike siku ngapi?

KochaWaZiwani

Kaka, kabla ya kuhesabu siku za kupumzika nenda kapime malaria leo. Baridi jioni, viungo, uchovu: tunaishi ukanda wa ziwa, sehemu yenye malaria nyingi kuliko zote Kenya. Kila mara naona mtu akilaumu programu kumbe ni mbu. Kipimo ni tone la damu kidoleni. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha, na ukiwa na homa usiguse chuma hata kidogo.

Wa Nakuru mnaokuja kambi Kisumu, hili linawahusu zaidi. Kwenu ni mita 1,850 hivi juu ya bahari na baridi yake, huku tuko karibu 1,100 na joto lenye unyevu. Mwili ambao haujazoea malaria huumwa vibaya. Lala ndani ya neti. Mazoezi ya siku za kwanza yapunguzwe pia, maana seti ileile mliyoipa 6 kule huku mtaipa 8 kwa ajili ya joto. Jipimeni kabla na baada ya mazoezi, kilo iliyopungua ni maji yaliyotoka.

Na kuna la sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu. Maeneo yetu watu wengi wamerithi jeni moja tu ya ugonjwa huo bila kuwa wagonjwa. Wengi wao wanashindana vizuri maisha yao yote, lakini ongezeko la ghafla la mazoezi, jua kali na maji kidogo vikikutana vinaweza kuwa hatari. Jua hali yako, panda taratibu ukirudi kutoka likizo, kunywa maji. Yeyote ambaye baada ya mazoezi makali misuli imevimba na mkojo umekuwa rangi ya strungi, ile chai isiyo na maziwa, asilale nyumbani kungoja kesho. Hospitali usiku huohuo, hiyo ni misuli inayovunjika na figo ziko hatarini.

Mtoto wa Kaptembwo

Kocha, nimeelewa. La mwisho: wiki ya kupunguza nipange kila baada ya wiki ngapi? Na mashindano yakiwa Nairobi nifanyeje wiki ile ya mwisho?

KochaWaZiwani

Vitabu vingi vinasema wiki tatu kupanda, ya nne kushuka. Ni mwanzo mzuri, lakini mimi naiweka pale maisha yanapoilazimisha. Kuna mitihani, kuna msimu wa kupanda mahindi, kuna matanga ambapo mtu anakesha usiku mbili tatu. Ukijua wiki hiyo inakuja, ifanye ndiyo wiki ya kupunguza, badala ya kupumzika wiki ya nne kisha wiki ya tano unakesha matangani na kurudi kwenye asilimia 90. Kupunguza ni kukata seti karibu nusu huku kilo zikishuka kidogo tu. Ukikaa nyumbani kabisa ufundi unapata kutu.

Watafiti waliokubaliana mwaka 2013 kuhusu jambo hili walitenganisha hali tatu. Kuna uchovu wa kukusudia, unaoisha kwa siku chache au wiki na kukuacha na nguvu zaidi. Kuna unaochukua wiki hadi miezi bila faida yoyote. Na kuna ule wa kupitiliza kabisa, unaomtoa mtu kwenye mchezo miezi mingi. Kwa nje mwanzoni zinafanana. Tofauti inajulikana kwa jinsi mtu anavyorudi baada ya kupunguza, ndiyo sababu siachi wiki hiyo ipite bila kuandika.

Kwa mashindano, anza kukata seti siku kumi hadi kumi na nne kabla. Kilo ziendelee kuwa nzito, marudio ndiyo yapungue. Klini na jeki nzito ya mwisho naiweka siku nane au tisa kabla, pamoja na skwoti nzito. Snachi nzito ya mwisho siku tano au sita. Siku mbili za mwisho ni chuma chepesi, dakika ishirini, uondoke bado una hamu. Kibarua kizito kiachwe wiki hiyo kama inawezekana kabisa, na hapa wasimamizi wa klabu wasaidie: pesa kidogo ya unga kwa kijana wiki moja ina thamani kuliko sare mpya.

Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi, unaweza kwenda jana yake mchana. Kutoka Kisumu ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Basi la usiku linalofika asubuhi ya mashindano ni kosa, nyonga zimekaza na hujalala. Fikeni siku moja kabla, tembeeni jioni, kuleni mlo mliouzoea.

Jaribio la kwanza liwe uzani ambao umewahi kuunyanyua siku ya lori, umechoka, bila kusuasua. Daftari litakuonyesha ni kilo ngapi. Nyalenda, ukishapata majibu ya kipimo andika hapa, na wewe Kaptembwo weka wiki yako yote, jimu na kibarua, tuipange upya pamoja.